Sasheti Tumboni mwa Mbuzi



Katika sikukuu ya chama chetu iliyopita, baba waliochinja mbuzi walituita nyuma ya jiko tuone jambo. Tumbo la mnyama lilipopasuliwa, lilitoka fundo zito la rangi nyeusi na buluu, kubwa kama ngumi mbili za mtu mzima. Zilikuwa ni sasheti zilizosokotana hata zikawa kama kamba. Mama mmoja alilifumua fundo lile kwa ncha ya kisu, akakuta kipande ambacho bado kilisomeka maandishi ya chumvi iliyokuwa ndani yake. Aliyetuuzia mbuzi huyo alikuwa ameapa kwamba anakula vizuri, nasi tulishangaa mbona amekonda. Kula alikuwa akila, lakini tumbo lake lilikwisha kujaa kitu kisicho chakula.

Tuliosha nyama, tukapika, tukala. Na hapa ndipo inapoanza aibu yetu. Tulikunywa maji ya sasheti, tukagawa maandazi katika sasheti, na jioni kijana mmoja akatumwa azikusanye zote na kuzitia moto nyuma ya kanisa, hali wanakwaya wakiendelea kuimba. Moshi uliingia kwa madirisha, watoto wakakohoa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka lile fundo la asubuhi.

Tumeona vema kuliandika jambo hili katika ukurasa wetu wa tafakari kwa sababu hatukupata mtu mwingine wa kumnyoshea kidole. Sasheti zilizomjaa mnyama yule zilitoka sokoni Bulambika, zikapita mikononi mwetu, tukazitupa sisi wenyewe kando ya njia ambako mbuzi hula.

Hata hivyo tusianze kwa kulaani. Wazee wetu wanaukumbuka mtungi wa udongo: ulikuwa mzito ungali mtupu, mzito zaidi ukijaa, na msichana aliyejikwaa njiani kutoka chemchemi alirudi nyumbani na vigae na machozi. Bidoni ya plastiki imewapunguzia mama na binti zetu mzigo huo. Mawese yetu yasingefika Bukavu kwa wingi tunaouona bila zile bidoni za lita 20 zinazopangwa juu ya malori ya barabara ya Hombo. Hospitalini, sirinji, mfuko wa damu, mrija wa seramu na glavu za mganga ni vitu vya jamii hiyohiyo. Chandarua chenye dawa kinachomkinga mtoto na malaria kimefumwa kwa nyuzi za poliesta au za polietilini. Na ndugu zetu waliokimbia vita, ambao Bunyakiri imewapokea mara nyingi, na ambao wengi wetu tumepata kuwa miongoni mwao, walijisitiri na mvua chini ya turubai walilogawiwa. Turubai lile ni polietilini. Sasheti ya chumvi nayo ni polietilini. Tunawaomba wasomaji walishike neno hili, maana hoja yetu yote inasimama juu yake: kitu kilekile kilichomsitiri mkimbizi ndicho kilichomwua mbuzi polepole.

Wataalamu wa kemia huviita vitu hivi polima. Neno hilo limetoka Kigiriki, na maana yake ni kitu chenye sehemu nyingi. Molekuli ndogo hushikana moja kwa nyingine, kama shanga za rozari ndefu isiyo na mwisho, hata zikawa mnyororo wa maelfu ya viungo. Polima si jambo geni duniani, wala si kazi ya viwanda peke yake. Wanga wa muhogo tunaoula kila siku ni polima. Nyuzi za mti na za pamba ni polima. Ngozi na nywele zetu pia. Muumba alitangulia kufunga minyororo hiyo, na kila mnyororo aliouweka katika viumbe vyake aliuwekea na mwenye kuufungua. Jani la mgomba likianguka, kuvu na vijidudu vya udongo hulikata kiungo kwa kiungo, na baada ya miezi michache limekuwa mbolea ya mgomba mwingine.

Nchi yetu iliijua polima moja kwa maumivu. Utomvu wa mpira ni polima ya msituni, na katika enzi ya Leopold wa Pili watu wa Kongo walikatwa mikono na kuchomewa vijiji kwa ajili ya vikapu vya mpira ambavyo havikujaa. Mnamo 1908 Ubelgiji ilipoitwaa Kongo kutoka kwa mfalme huyo, Mbelgiji mwingine aliyehamia Marekani, Leo Baekeland, alikuwa amekwisha kuvumbua bakelite, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa na mwanadamu tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ilikuwa mwaka 1907. Hatusemi kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Twayaweka pamoja kwa sababu tunapoambiwa plastiki ni habari ya wazungu isiyotuhusu, tunakumbuka kwamba vitu vya viwandani vimetuhusu tangu zamani, mara nyingi bila sisi kuulizwa.

Kwa muda mrefu hata wanasayansi hawakuamini kwamba minyororo hiyo ipo. Mjerumani Hermann Staudinger alieleza jambo hilo mwaka 1920, na wenzake wengi wakampinga. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1953, akiwa mzee wa miaka 72. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1933, watafiti wawili wa Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakibana gesi iitwayo etilini kwa nguvu kubwa mno, wakakuta chomboni unga mweupe wenye utelezi kama nta. Hawakuwa wakiutafuta. Huo ndio polietilini. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa ya heshima: kufunika nyaya za rada wakati wa vita vya pili vya dunia. Ilihitajika kwa sababu maji hayaipiti, umeme hauipiti, na haiozi.

Baadaye Msweden mmoja, Sten Gustaf Thulin, alitengeneza mfuko mwepesi wa polietilini wenye mikono miwili, ule tunaoujua sote, na kampuni yake ikapata hakimiliki mwaka 1965. Mwanawe amesimulia kwamba baba yake alidhani mfuko huo ungeokoa miti iliyokuwa ikikatwa kutengenezea mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiukunja na kutembea nao mfukoni ili autumie tena na tena. Habari hiyo ilitugusa. Mtu aliufanya mfuko udumu ili utumike siku nyingi. Sisi tukaupokea, tukaufanya wa kutoka sokoni hadi mlangoni, na sasheti ndogo ya karanga tukaifanya ya dakika tano.

Hili ndilo kosa tunalotaka litazamwe. Kemia haikukosea. Ilitengeneza kitu kisichooza kwa kazi zinazotaka kisioze. Aliyekosea ni aliyechukua kitu cha kudumu akakipa kazi ya kupita, kisha akakitupa kana kwamba nacho kitapita.

Sasheti ikitupwa shambani haigeuki udongo. Mnyororo wake umefungwa kwa kaboni juu ya kaboni kwa namna ambayo vijidudu vya udongo havina meno ya kuukata. Jua ndilo huikausha na kuivunja, lakini kuvunjika si kuoza: kipande hugeuka vipande, vipande hugeuka chembe, na chembe bado ni plastiki. Watu hupenda kusema kwamba mfuko unadumu miaka 400 au 1,000. Tungewashauri walimu wetu wasizikariri sana tarakimu hizo, kwa kuwa polietilini yenyewe haijatimiza hata miaka 100 tangu ianze kutumika, wala hakuna aliyekaa kando ya mfuko akihesabu. Inatosha kusema ukweli tunaouona kwa macho: mkulima anayelima karibu na njia hukuta kwa jembe lake sasheti ambazo hakumbuki zilitupwa na nani. Maji ya mvua hayapenyi pale, mizizi ya muhogo inapinda, na sasheti iliyobaki wazi juu ya ardhi hushika maji na kuwa makao ya mbu. Chandarua kitundikwe ndani ya nyumba, na kisima cha mbu kiwe nje ya mlango, vyote vya polietilini!

Mwaka 2017 watafiti watatu wa Marekani, Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law, walijaribu kuhesabu plastiki zote ambazo dunia ilitengeneza tangu mwaka 1950 hadi 2015. Walipata tani bilioni 8.3. Katika hizo, tani bilioni 6.3 zilikuwa zimekwisha kuwa taka, na katika taka hizo asilimia 9 tu ndizo zilizotengenezwa upya, asilimia 12 zilichomwa, na asilimia 79 zimelala katika majalala au zimetapakaa ardhini na majini. Basi nchi zenye magari ya taka na viwanda vya kila aina zimeshindwa kwa kiasi hicho. Sisi tusiokuwa na gari hata moja la taka tusijidanganye kwamba dawa ni kungoja kiwanda.

Wako wanaotumaini vijidudu. Ni kweli kwamba mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria waliyemkuta karibu na kiwanda cha kutengeneza chupa upya katika mji wa Sakai, bakteria anayeweza kula plastiki ya chupa za maji. Ni ajabu njema, na tunamshukuru Mungu kwa akili aliyowapa watafiti hao. Lakini bakteria huyo hula plastiki ya chupa, tena polepole. Sasheti yetu ya polietilini ni mnyororo wa namna nyingine, na yeye hauwezi.

Maji nayo yana safari yake. Waliokwenda Bukavu wameona jinsi mvua inavyosukuma taka kutoka vilimani hadi ziwa Kivu, na jinsi ziwa linavyozipeleka kwenye mlango wake, mto Ruzizi. Pale ndipo lilipojengwa bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza, tangu miaka ya 1950. Kwa miaka kadhaa sasa chupa na mifuko zimekuwa zikiziba mahali maji yanapoingilia mitamboni. Wafanyakazi huzitoa kwa mikono na kwa mashua, wapiga mbizi huteremka kuzing'oa chini, na mtambo ukisimama mitaa ya mji hukaa gizani. Mtu wa mtaani hulalamikia umeme, naye huenda ndiye aliyetupa chupa mferejini asubuhi ileile. Hatumcheki. Sisi hatuna bwawa la kutusuta, ndiyo tofauti yetu naye.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulifikiri mpaka tulipokaa mbele ya ramani. Maji ya Bukavu hushuka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, na kutoka Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga kwenda Lualaba. Maji ya upande wetu, magharibi ya Kahuzi, hushuka kwa Luhoho na hatimaye Lowa, yakaingia Lualaba ileile. Basi sasheti iliyotupwa Bulambika na ile iliyotupwa Kadutu zaweza kukutana katika mto Kongo, mbele ya watu ambao hawakununua chumvi yetu wala karanga zetu.

Kama samaki wa maziwa yetu ya Afrika wamekwisha kula chembe hizo? Ndiyo. Watafiti walinunua sangara na sato katika soko la Mwanza, Tanzania, penye ziwa Viktoria, wakawapasua matumbo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalithibitisha plastiki katika samaki mmoja kati ya watano wa kila aina. Tulipoisoma habari hiyo tulimkumbuka mbuzi wetu.

Na mwili wa binadamu je? Hapa inafaa kusema kwa uangalifu, kwa maana mwenye kutisha watu bila hakika hutenda dhambi ya ulimi. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walitangaza kwamba wamekuta chembe za plastiki katika damu ya watu wazima. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walieleza kwamba wagonjwa waliokutwa na chembe hizo ndani ya uchafu ulioganda katika mshipa wa shingo walipatwa zaidi na magonjwa ya moyo, kiharusi au kifo kuliko wale ambao hawakukutwa nazo. Madaktari wenyewe walionya kwamba hiyo si hakikisho kwamba plastiki ndiyo iliyowadhuru. Sayansi ingali njiani.

Lakini juu ya moshi, hatuna haja ya kungoja. Katika nyumba zetu nyingi, mama akitaka kuwasha makala huchukua sasheti, huiwasha kwa kiberiti, na kuidondosha juu ya mbabula. Inashika moto upesi, kwa sababu polietilini ni ndugu wa petroli. Mtoto yuko mgongoni. Wengine wamezunguka jiko wakiota moto. Plastiki inayoungua polepole hutoa masizi, hewa ya sumu ya kaboni na mivuke mingine ambayo mapafu hayakuumbwa kuivuta. Na kama katikati ya taka kuna kipande cha ile plastiki iitwayo PVC, ya nyaya, ya mabomba au ya viatu vya zamani, humo mna klorini, na moto hafifu huigeuza kuwa asidi ya kuunguza koo na sumu ziitwazo dayoksini, ambazo hukaa katika mafuta ya mwili miaka mingi na zimetambuliwa kuwa chanzo cha saratani. Mama hawezi kuchambua kipande kwa kipande. Kijana wetu nyuma ya kanisa hakuweza pia. Kama tafakari hii itasahauliwa yote, tungependa neno moja tu libaki jikoni: makala yawashwe kwa majani makavu, kwa vijiti, kwa ganda la hindi, kwa chochote isipokuwa sasheti.

Wengine watasema ni kazi ya serikali. Sheria ipo. Tarehe 30 Desemba 2017 ilitiwa sahihi amri namba 17/018 ya Waziri Mkuu, inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sasheti za plastiki kwa kuuzia vyakula, maji na vinywaji. Mwaka huohuo Kenya ilikuwa imepiga marufuku mifuko hiyo, tarehe 28 Agosti. Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Na Rwanda ilikuwa imetangulia wote mwaka 2008, hata wanaovuka Ruzizi hujua kwamba mfuko utabaki mpakani. Kwetu amri imebaki katika karatasi. Sasheti zinauzwa mchana, mbele ya ofisi zote.

Hata hivyo hatupendi amri hiyo ije siku moja kwa mlango mbaya, yaani kwa askari atakayemnyang'anya mama wa sokoni beseni lake la karanga na kumtoza faini itakayoishia mfukoni mwa askari. Mama huyo anauza kwa sasheti kwa sababu mnunuzi wake ana fedha ya kijiko kimoja cha mafuta, konzi moja ya chumvi. Umaskini ndio uliopima sasheti kuwa ndogo. Anayeingiza mifuko hiyo kwa makontena hajakanyaga soko letu. Mataifa nayo yaliazimia Nairobi, mwezi Machi 2022, kuandika mkataba wa dunia nzima juu ya plastiki, tena pendekezo lilitoka kwa Rwanda na Peru. Wajumbe wakakutana Busan mwaka 2024 na Geneva mwaka 2025, wakaondoka bila kukubaliana, kwa kuwa wengine hawataki hata kusikia habari ya kupunguza utengenezaji. Basi wenye nguvu wanajadiliana. Sisi tuna sikukuu nyingine mbele yetu, na wageni watakula.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa tarehe 24 Mei 2015, alikemea desturi ya kutumia na kutupa, akaonyesha kwamba jamii inayozoea kutupa vitu huishia kutupa watu. Tena, katika fungu la 211, alipotaja matendo madogo ya kila siku yanayoonyesha upendo kwa viumbe, aliweka kupunguza plastiki miongoni mwa ya kwanza. Wako waliodhani Baba Mtakatifu anajishusha sana kwa kutaja mambo ya jikoni. Wasome tena Injili ya Yohane, sura ya sita. Yezu aliwashibisha watu elfu tano kwa mikate na samaki, na mara walipokwisha kushiba aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki, kisipotee kitu. Hakuwaagiza watumishi, wala watoto. Mitume wenyewe waliinama nyasini wakijaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuongeza mikate apendavyo hakuona kwamba wingi unampa mtu ruhusa ya kutupa. Tumelisikia somo hilo mara nyingi katika Misa Takatifu, na kila mara tukaitazama mikate, vikapu tukavipita.

Tunajua jibu ambalo ndugu wengine watatupa, nalo ni zito kuliko yote. Watasema: watu wetu wanauawa, wanakimbia, wanalala njaa, na ninyi mnahesabu sasheti? Hatuna jibu la haraka kwa aliyefiwa. Hatusemi kwamba sasheti inalingana na risasi. Tunasema tu kwamba vita hatukuchagua sisi, na wengi wetu hatuna uwezo wa kuvizima. Lakini moto ule nyuma ya kanisa tuliuwasha wenyewe, siku ya amani, tukiwa tumeshiba. Na mtoto anayekohoa jikoni hakohoi kidogo zaidi kwa sababu kuna vita.

Basi katika mkutano wa mwezi uliopita jambo hili liliwekwa mezani, nasi twaeleza lilivyokwenda, bila kulipamba. Ilikubaliwa kwamba katika milo ya chama hakutakuwa tena na sasheti. Maji yatachemshwa, yatiwe katika bidoni safi zenye bomba, na kila mmoja atakuja na kikombe chake. Maandazi yatawekwa katika vitunga na kufunikwa kwa kitambaa. Chikwange hatuna la kubadili: wazee walikwisha kuifunga kwa majani ya msitu kabla ya Fawcett na Gibson kuzaliwa.

Mjadala ulikuwa mkali juu ya sahani. Mhazini alipendekeza tununue sahani 60 za plastiki ngumu, na baadhi ya vijana wakacheka: tumeketi saa mbili tukiisema plastiki, kisha tunainunua? Tukawaeleza kwamba ndiyo maana halisi ya yote tuliyosema. Sahani itakayooshwa na kutumika miaka kumi ni polima iliyopewa kazi inayoifaa. Sahani zimenunuliwa.

Juu ya sasheti zilizokwisha kutapakaa kuzunguka kanisa, hatukupata jibu jema. Tutaziokota siku ya salongo. Hilo ni rahisi. Lakini baada ya kuziokota, tuzipeleke wapi? Bidoni na chupa zina wanunuzi, maana wauza mawese na wauza karanga huzitafuta. Sasheti haina mnunuzi. Kuchoma tumekataa. Imebaki kuchimba shimo mahali palipoinuka, mbali na chemchemi na mfereji, na kuzifukia. Mwalimu mmoja alisema kwamba huko ni kuwaachia wajukuu wetu fundo lilelile tulilolikuta tumboni mwa mbuzi. Hakukosea, wala hakuwa na shauri lingine, na sisi pia hatukuwa nalo. Shimo litachimbwa. Yeyote mwenye njia bora aje nayo kabla ya siku hiyo.

Mwishoni mama mmoja aliinua mkono, akauliza ni nani atakayeosha zile sahani 60, kwa kuwa sasheti zilipendwa zaidi na waliokuwa hawaoshi. Kimya kilikuwa kirefu. Halafu katibu akaandika majina ya baba wawili kwa zamu ya kwanza. Mmoja wao ndiye aliyechinja mbuzi.